Intavyuu ya Oxford kwa mtandao na mtoto yuko Lamu, tufanyeje?

mkaa_langoni
Assalam aleikum jamani. Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa mwisho wa A-level Mombasa, kaomba uhandisi Oxford, na sasa wamemwandikia amechaguliwa kwa intavyuu hii Disemba. Nyumbani ni furaha na woga pamoja. Skuli zishafunga kwa hiyo yuko huku Lamu, na yenyewe ni kwa video ya Teams, hakuna kwenda. Nyumba yetu iko vichochoroni ndani kabisa, kuta zile nene za mawe ya matumbawe, mtandao ukishika ghorofani basi chini hupati kitu, na stima mwaijua wenyewe. Halafu kuna bwana hapa mjini ataka shilingi 15,000 amfundishe majibu. Hasa huulizwa nini? Maana Baba ashaanza kumkaririsha wafalme wa Uingereza 😂

BintShela
Mashallah, mpe hongera sana. Huyo bwana mwacheni na elfu zake, na Baba mwambieni kwa heshima wafalme wapumzike. Hakuna majibu ya kukariri. Anayemhoji ni mwalimu wa somo lenyewe, huenda ndiye atakayemfundisha akiingia, na anachotaka ni kuona akili yake inavyokwenda. Anakupa swali hujapata kuliona, ukikwama anakudokezea, halafu anatazama ule udokezi umeufanyia nini. Shida yetu sisi watoto wa Kiamu tumelelewa kutoropoka mbele ya wakubwa, basi mtoto akiulizwa anainama kimya mpaka apate jibu la uhakika, na pale kimya ndicho kinachomponza. Aseme kwa sauti kila anachofikiri hata kama hana hakika, "ngoja, hapa si sawa, narudi nyuma" inaruhusiwa kabisa.

Mjaribisheni na hili: dau linaelea kwenye bwawa dogo, ndani mna nanga ya chuma. Ukiitupa nanga ikazama, maji ya bwawa yatapanda, yatashuka au yatabaki vilevile?

kijana_watamu
yatapanda bana si nanga imeingia majini

BintShela
@kijana_watamu yanashuka kaka. Nanga ikiwa ndani ya dau, dau linasukuma maji yenye uzito sawa na wa nanga, na chuma ni kizito kuliko maji kwa hiyo hayo ni maji mengi. Ikishazama inasukuma maji ya ukubwa wa umbo lake tu. Lakini wewe ukieleza kwa nini umesema yatapanda, kisha mwalimu akakuuliza "na nanga ingekuwa ndogo kama kokwa ya embe lakini uzito uleule?" ukastuka ukajirekebisha, hiyo ndiyo intavyuu nzuri. Kupatia mara ya kwanza si lazima.

mwalimu_mldi
Angalieni saa. Disemba Uingereza wako nyuma yetu saa tatu, wakiandika 10.00 am kwao ni saa nne asubuhi, huku saa saba mchana. Ikiwa Ijumaa ndio hotuba za misikiti yote ya mjini zinakutana dirishani kwake, so tafuteni chumba upande mwingine. Laini mbili za kampuni tofauti, bando kwenye zote, laptopu ijae chaji. Nilitaka kusema mleteni huku Malindi lakini basi kutoka Mokowe mpaka hapa mtoto atafika hoi, bora muombe chumba kwenye gesti ya Shela yenye jenereta. Na asome ile barua vizuri, masomo mengine wanatumia Miro, ubao wa kuandikia mtandaoni, na wanataka kalamu ya kuandikia kwenye skrini. Akikosa kifaa awaandikie chuo mapema, asingoje siku yenyewe.

dada_mkomani
Msichanganye na ile intavyuu nyingine ya mambo ya viza. Ile ndio utaulizwa kwa nini chuo hiki, utasoma nini, utakaa wapi, ada analipa nani. Binamu yangu alijua somo lake lote akakwama kwa "anayekulipia anafanya kazi gani", mjomba ni mfanyabiashara wa kila kitu, utasema nini. Na pesa za kuonyesha lazima zikae akaunti siku 28 mfululizo. Hapo sasa Baba ana kazi.

kijana_watamu
na sisi wa KCSE, mtihani wa form four, je

mwalimu_mldi
KCSE peke yake Oxford haitoshi kijana, wanataka A-level, IB (ile diploma ya kimataifa ya sekondari) au mfano wake. Vyuo vingine vya huko vina mwaka wa matayarisho, angalia hivyo.

mkaa_langoni
Shukran nyote, Mungu awalipe. La nanga nimempa, kaanza na "yatabaki", saa hizi yuko uani na karai la kufulia na kopo la samli ametia mawe, Mama analalamika. Gesti tumepata. Sasa kalamu ya skrini, nani anayo Lamu au Malindi atuazime wiki moja? Ani-inboksi.