Slaidi za kufundishia lugha: PowerPoint, Google Slides au Canva?

Nahau
Wakuu, habari zenu. Nafundisha lugha kwa njia ya mtandao na wanafunzi wangu wengi wanatumia simu. Hadi sasa natengeneza slaidi kwenye PowerPoint kisha nawatumia faili, lakini kila wiki kuna anayelalamika kwamba halifunguki au maandishi yamevurugika. Nimeonja Google Slides na Canva, bado sijaamua. Nyie mnatumia nini? Na slaidi zilizo tayari mnazipata wapi?

Chaki
Google Slides, na sababu yangu kubwa ni nakala. Chukua kiungo cha slaidi zako, futa neno "edit" na chochote kinachofuata, andika "copy". Mwanafunzi mwenye akaunti ya Google akibofya anaulizwa kama anataka nakala. Anapata yake, anajaza nafasi zilizo wazi, anaburuta maneno hadi chini ya picha, na ya kwako haiguswi. Zamani nilikuwa nawapa wote ruhusa ya kuhariri faili moja. Asubuhi moja nikakuta slaidi sita hazipo! Historia ya matoleo ndiyo iliyoniokoa.

Silabi
Chaki, hapo kwenye sauti umepapita. Google Slides huchukua sauti kutoka Google Drive, na faili hilo la sauti lina ruhusa zake. Unaweza kuwafungulia watu wote slaidi, lakini kama sauti imebaki imefungwa, mwanafunzi anabofya alama ya spika na hasikii kitu. PowerPoint unarekodi papo hapo ndani ya slaidi na sauti inasafiri na faili. Mimi nafundisha matamshi, kwangu hilo halina mjadala. Kwa wenye simu nahamisha kuwa video ya MP4.

Na tafadhali, msiwatumie PDF ya zoezi. Majibu uliyoyaficha yatokee kwa kubofya yanatokea yote kwa mpigo, na sauti inapotea.

Chaki
Kweli kabisa, Silabi. Dawa yake: weka sauti zote kwenye folda moja, ushiriki folda hiyo mara moja tu.

Irabu
Canva ina violezo vinavyopendeza sana, na mpango wake wa elimu ni bure kwa walimu wa msingi na sekondari wanaokidhi masharti. Naitumia kwa kadi za msamiati. Ukihamishia PowerPoint, kagua kila slaidi, maana mpangilio huwa unahama.

Kuhusu kutafuta: wengi hukimbilia SlideShare, tovuti ya kushirikiana slaidi iliyoanza 2006 na tangu 2020 iko chini ya kampuni ya Scribd. Vitu ni vingi, ila slaidi nyingi ni za kusoma, si za kufundishia. Mimi huandika kwenye Google mada yangu kwa lugha ninayofundisha, halafu filetype:pptx, ili nipate faili za PowerPoint tu. Nilipata moja ya ngeli, jedwali zima limebanwa kwenye slaidi moja. Nilianza upya: slaidi ya kwanza "Kiti kikubwa kimevunjika", ki zote tatu kwa rangi nyekundu. Nikainakili slaidi hiyohiyo, nikaongeza picha ya kiti cha pili na kugeuza ki kuwa vi. Unapobofya, maneno hayasogei, viambishi pekee ndivyo vinavyobadilika, na jicho la mwanafunzi linakwenda palepale.

Kabla ya kushiriki ulichorekebisha, soma leseni. CC BY, mojawapo ya leseni za Creative Commons, inakuruhusu ukimtaja mwenye kazi. Leseni yenye herufi ND hairuhusu kusambaza toleo ulilolibadilisha.

Nahau
Asanteni mno. Basi mazoezi nahamishia Google Slides, matamshi yabaki PowerPoint na yatoke kama video. Nikipakia faili zangu za zamani huko Google zitabaki salama?

Silabi
Maandishi na picha kwa kawaida hukaa vizuri. Angalia fonti, na pitia kila mahali ulipoweka neno litokee kwa kubofya, kwa sababu baadhi ya mitindo hiyo hubadilika au kupotea. Anza na somo moja, ulifungue kwenye simu kabla ya kuhamisha mengine.