Duranta yangu haitoi vitunda, nimekosea wapi?

Mama wa Shangani, Mtwara
Habari zenu ndugu zangu. Nina michongoma ya duranta, ile ya majani ya kijani, kama mita kumi mbele ya nyumba. Niliipanda kwa vipande vya matawi mvua za mwaka juzi na imeshafunga vizuri. Nilichokitaka hasa ni vile vitunda vya njano vinavyoning'inia kama shanga. Marehemu mama yangu alikuwa navyo mlangoni. Mpaka leo sijapata hata kishada kimoja! Samadi ya mbuzi naweka, maji namwagia, kijana anakuja kuikata kila wiki mbili. Tena upande unaotazama bahari majani yanaungua. Nifanyeje?

Fundi bustani, Lindi
Pole dada. Kinachokunyima vitunda ni huo mkasi. Duranta huchanua kwenye ncha za matawi machanga, na pasipo ua hakuna kitunda. Kila wiki mbili kijana anaziondoa ncha zote. Mimi yangu naikata mara moja tu kwa mwaka, Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kisha siigusi. Itatawanyika na matawi yatainama, iache hivyo hivyo. Yataanza maua ya zambarau, vifuate vitunda vya kijani, halafu ndiyo vigeuke njano. Samadi punguza, ikizidi unapata majani matupu. Na iwe juani, chini ya mwembe haizai.

Huko kuungua ni chumvi ya upepo wa bahari. Upande huo ningeweka karisa. Ina miiba pacha, maua meupe yanayonukia na matunda mekundu, na chumvi inaivumilia sana.

Bibi wa Mikindani
Mwanangu, una watoto hapo nyumbani? Vitunda vya duranta vina sumu. Ndege wanavila bila shida, lakini mtoto vinamtapisha na kumuumiza tumbo. Mjukuu wangu wa miaka mitatu nilimkuta navyo kiganjani, bado hajavitia mdomoni. Siku hiyo hiyo niliondoa matawi yote ya chini, yaliyobaki yananifika kifuani.

Mama wa Shangani, Mtwara
Shikamoo bibi, asante sana. Wapo wawili, wadogo. Basi duranta nitaiacha pale dirishani tu, palipoinuka, na ya chini niiondoe. Fundi, karisa nayo matunda yake yanalika?

Fundi bustani, Lindi
Yanalika, yakiwa yameiva na kuwa mekundu kabisa. Sehemu nyingine za mti usile, zina utomvu mweupe.