CHUMVI NI YA MBOGA?! Yule bwana wa ramani za ufukweni katuzidi sasa

Kokoto_Robo (mleta uzi)
Wakuu, nafuka moshi. Jina sitaji, mnamjua: yule anayechora kila nyumba kama tangi la samaki. Leo katundika ramani ya "nyumba ya kisasa ya ufukweni", kibaraza kinakaribia kulamba mawimbi, na kwenye mchoro wa nguzo kava ya nondo, yaani unene wa zege linaloifunika, kaandika milimita 20. Ishirini! Hiyo ni kava ya chumbani, pakavu, mtu kalala. Kaulizwa kwa adabu zote, "Mkuu, na chumvi?" Kajibu:

"Chumvi ni ya mboga."

Nimesoma mara saba. CHUMVI NI YA MBOGA. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ikipenya mpaka kwenye nondo inavunja ule utando unaokilinda chuma ndani ya zege. Kutu inavimba kushinda chuma chenyewe mara mbili na zaidi, zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, kisha linadondoka vipande. Ukiona doa la kahawia kwenye bimu, ndani kazi ilishaanza zamani. Kando ya bahari kava ianzie milimita 50, maji yasizidi lita 20 kwa mfuko wa kilo 50 ukihesabu na unyevu wa mchanga, na biskuti (vile vipande vya kuinulia nondo) ziwe za zege, siyo vipande vya mbao. Mchanga wa ufukweni usiuguse.

Yeye anawaza mboga.

NyundoMbili
Mleta uzi kunywa maji kwanza. Matamu lakini.

Zege_Halilali
Lita 20 bila dawa ya kulainisha? Zege hilo utalisukuma kwa shoka. Fundi atasubiri ugeuke, aongeze ndoo. Weka dawa, tumia vibreta, ile mashine ya kulitetemesha zege lishikane, la sivyo unaacha mapango kwenye nguzo na hiyo milimita 50 yako inabaki kwenye karatasi.

Kokoto_Robo
Sawa, dawa iwekwe. Ila jamaa kasema chumvi ni ya mboga. Mbele za watu!

Mpauaji
Nyie mnalilia nondo, paa mmeliona? Upenu umetokeza mita 2 bila nguzo. Upepo ukiingia chini yake unalibeba paa kama mwavuli. Paa la miteremko minne, digrii 30 hivi, linaupitisha upepo vizuri zaidi. Na kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma mpaka kwenye bimu ya juu ya ukuta, mkanda ushuke mpaka kwenye msingi kama ukuta ni wa mbao. Misumari miwili ya kupinda siyo kufunga, ni kuombea.

Mjuzi_wa_Picha
Upenu wa nini? Tazameni Sea Ranch kule California, zile nyumba za 1965. Paa mteremko mmoja, halina upenu kabisa, upepo unateleza juu. Mbao hazikupakwa rangi, zikageuka kijivu zenyewe.

Mpauaji
Kule ni baridi na ukungu. Leta ukuta usio na upenu kwenye jua kali na mvua ya kumwaga, halafu utueleze plasta imekwenda wapi.

KiooSafi
Tatizo kubwa ni kioo. Ukuta mzima unatazama machweo, dawa yake kachora pazia la ndani! Joto likishapita kioo limeshaingia. Jua la jioni liko chini, hata upenu haulizuii. Unataka vibao vya kusimama, nje ya kioo, vinavyogeuka. Halafu ukuta wa nyuma hauna hata tundu la panya. Upepo wa bahari uingie utokee wapi? Matundu ya kutokea yalingane na ya kuingilia, au yazidi.

Bawaba
Malalamiko yangu ni kwa wanaoandika "stenlesi" bila namba. Daraja la 304 hapo litatoa madoa ya kahawia kama chai; sema 316, ina molibdeni, madini ya kuhimili chumvi. Na skrubu yake ukiikaza kwenye fremu ya alumini bila washa ya nailoni, tazama kuzunguka tundu: unga mweupe. Ndiyo alumini yako hiyo, inaliwa.

Kokoto_Robo
Jamani turudi kwenye mada. MBOGA!

NyundoMbili
Mada imeshaota kutu mkuu.

Maji_Chini
Kisima hamkigusi? Maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Ukiyashusha mita 1 kwa pampu, ya chumvi yanaweza kupanda mpaka mita 40 kuyafuata. Pampu ndogo, taratibu, na mvua ya paani iende kwenye tangi. Yule bwana kaweka shimo la choo mlangoni mwa kisima, hilo hakuna aliyeliona.

Kokoto_Robo
Basi anzisha uzi wako wa visima!

Bawaba
Acha wivu. Maji_Chini, endelea.

KiooSafi
Kabla hajaendelea: kile kiyoyozi cha nje kinachotazama bahari, kihamishiwe upande wa pili wa nyumba. Mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba, juu ya bomba la shaba, na chumvi juu yake, yanageuka majivu.

Zege_Halilali
Kukiosha je, mashine ya presha au mpira wa kawaida?

KiooSafi
Mpira. Presha inakunja mapezi.