Dhahabu ya mita 10,000 ya mwaka 1928: Jaffee apewe haki yake au refa alikuwa sahihi?

Wakuu salaam. Juzi mwenzetu mmoja alisema refa wa Olimpiki ya baridi ya St. Moritz alitenda haki kufuta mbio za mita 10,000 za kuteleza kwenye barafu, maana barafu ilishayeyuka na waliobaki wangeonewa, na wengi mkamuunga mkono. Mimi nimelitafakari na sikubali hata kidogo, naomba mnisikilize.

Kwa asiyeijua hii kesi, ni tarehe 14 Februari 1928 huko Uswisi. Enzi hizo, kwa sheria za Ulaya, hamtoki wote kwa pamoja, mnaingia wawili wawili, mmoja njia ya ndani mwingine ya nje, kila mzunguko mnabadilishana njia ili umbali ulingane, na adui yako hasa ni saa. Irving Jaffee wa Marekani akapangwa na Bernt Evensen wa Norway, na huyo Evensen sio wa kubeza, alikuwa ametoka kugawana dhahabu ya mita 500 na Clas Thunberg wa Finland hapohapo St. Moritz. Mizunguko 25, zaidi ya dakika 18 umeinama mgongo, mapaja yanawaka moto, na mwisho wa yote Jaffee 18:36.5, Evensen 18:36.6. Kilomita kumi nzima halafu mnaachana kwa moja ya kumi ya sekunde! Mimi nikisoma hizo namba mbili huwa naziangalia mara mbilimbili.

Baada ya hapo ule upepo wa joto wa milima ya Alps ukapamba moto, barafu ikawa rojorojo, waliofuata hata kuwakaribia hawakuweza, aliyekuwa wa tatu alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Refa akasimamisha, akafuta kila kitu. Kamati ya Olimpiki ikataka Jaffee atambuliwe, shirikisho la kimataifa la mchezo likagoma, na mpaka leo mbio hizo kwenye kumbukumbu hazina bingwa.

Sasa hoja ya mwenzetu naielewa vizuri. Anasema waliopangwa mwisho wana kosa gani? Hawana. Na hata mpira ukivunjwa kwa mvua mechi inapangiwa siku nyingine. Lakini hapo ndo penyewe, inapangiwa siku nyingine! Michezo ilikuwa inaisha tarehe 19, siku tano mbele. Refa hakufuta ili haki itendeke kesho yake, alifuta ikaishia hapo, kwahiyo waliokuwa hawajaingia hawakupata kitu na aliyekuwa anaongoza naye akanyang'anywa, sasa hapo nani kafaidika?

Na kuna jambo ambalo sijaona mtu analigusa. Siku hiyohiyo, tarehe 14, palepale St. Moritz, kulikuwa na mbio za kilomita 50 za kuteleza kwenye theluji. Wanaanza joto liko kwenye sifuri hivi, mchana linafika nyuzi 25, theluji inakuwa kama uji. Per-Erik Hedlund wa Sweden akashinda kwa saa 4 na dakika 52, wakati miaka minne nyuma kwenye Olimpiki ya Chamonix, Ufaransa, mshindi alitumia saa 3 na dakika 44. Zaidi ya saa nzima imepotea kwasababu ya joto lilelile! Na mbio zikahesabika, medali zikatolewa. Najua mtasema wale wa theluji wote walikuwa njiani muda mmoja, sawa, lakini kwenye mbio za wawiliwawili bahati ya nafasi ni sehemu ya mchezo tangu zamani, kila siku kuna anayepata barafu nzuri ya asubuhi na anayepata iliyochakaa, na matokeo hayafutwi.

Wengine mnasema aah, Olimpiki ya 1932 kule Lake Placid, Marekani, Jaffee si alishinda mita 5,000 na 10,000, anataka nini tena. Jamani, zile zilikimbiwa kwa sheria za Amerika Kaskazini, wote mnatoka kwa pamoja, mnasukumana, mnaviziana hadi mzunguko wa mwisho, Thunberg aligoma hata kwenda, na mpaka leo kuna wanaozisema vibaya. Ile ya 1928 ndio ilikuwa ya saa, kwa sheria za Ulaya wenyewe, dhidi ya Mnorway, ndio ingewafunga watu midomo. Halafu zile medali mbili za 1932 Jaffee aliziweka rehani wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi na hakuzipata tena. Hili linaniuma kweli.

Msiniambie ni zamani mno pia. Anders Haugen, mchezaji wa Marekani wa kuruka kwa skii, alinyimwa shaba ya Chamonix 1924 kwa kosa la hesabu, likagundulika, na mwaka 1974 akaipata akiwa mzee, binti wa Thorleif Haug aliyekuwa amepewa medali ile ndiye aliyemkabidhi kwa mkono wake. Miaka 50! Jaffee alifariki 1981, hatoweza kuipokea, lakini jina linaandikika.

Kwahiyo mnaosema refa alikuwa sahihi, nijibuni hili moja tu, kama joto la tarehe 14 lilitosha kufuta mbio, mbona Hedlund amebaki na dhahabu yake?