Mfumo endeshi wa chipu ndogo, FreeRTOS, RIOT au Contiki-NG: nichukue upi?

Kijana_wa_Sakiti: Wakuu, salaam. Nina kifaa kinachopima joto na unyevu, kinahifadhi vipimo na kuvituma. Msimbo wote uko kwenye lupu moja na sasa umenielemea: kikisubiri sensa, kitufe hakijibu. Nataka mfumo endeshi mwepesi kabla sijaagiza bodi za mwisho. Upi bora?

Mzee_Rejista: Bora kwa chipu gani, ndugu yangu? RAM kiasi gani? Betri au umeme wa ukutani? Bila hayo tutabishana bure.

WayaMwekundu: FreeRTOS, mkuu. Ipo tangu 2003, leseni yake ni MIT, na chipu nyingi zinazotumika leo zina poti yake, yaani toleo lililorekebishwa kwa chipu hiyo. Popote utakapokwama, kuna aliyekwishakwama hapo akaandika alivyotoka.

Mzee_Rejista: RAM bado hatujaambiwa.

Kijana_wa_Sakiti: ATmega328P. Betri. Redio ni moduli ya pembeni, inaongea na chipu kwa SPI (nyaya za mawasiliano ambazo vifaa kadhaa huweza kushirikiana).

Mzee_Rejista: Basi una baiti 2048 tu. Kwa FreeRTOS kila taski, yaani kila kazi inayojiendesha, inadai staki yake: kipande cha RAM cha kuwekea mambo yake ya muda. AVR, familia ya chipu yako, ina rejista 32 (vihifadhi vidogo ndani ya chipu), na zote huhifadhiwa kwenye staki taski moja inapoipisha nyingine. Weka taski 4 zenye staki ya baiti 200 kila moja, ongeza foleni na bafa ya redio: zaidi ya nusu ya RAM imekwenda na hujahifadhi kipimo hata kimoja.

Tone_la_Risasi: Niongeze lililonikuta. Nilikabidhiwa kifaa chenye chipu hiyohiyo, kilichoandikwa na watu wengine. Mezani kilikuwa hakina tatizo. Kikifungwa mahali pake, kinaganda, au kinatuma namba zisizoeleweka. Tukashuku umeme, tukabadili kapasita. Tukashuku sensa, tukabadili na hizo. Hali ileile. Mwishowe nikajaza staki zote baiti za alama, nikakiacha kifanye kazi, kisha nikatazama alama zimefutika hadi wapi. Taski ya ripoti ilikuwa imevuka mpaka na kuandika juu ya kumbukumbu ya jirani yake. Ilikuwa inaita sprintf, funksheni ya C ya kupanga maandishi, ambayo ni mlaji mkubwa wa staki, na katikati yake inaingia interapti ya redio, yaani ishara inayokatiza kazi ili redio ihudumiwe. Kwenye AVR interapti hutumia staki ya taski iliyokuwa inaendelea. Mezani redio ilikuwa kimya, ndiyo maana kasoro haikuonekana. Chipu za biti 32 za Cortex-M zimeziwekea interapti staki ya peke yake. Kwenye AVR nafasi hiyo unailipia ndani ya kila taski. Ukichukua FreeRTOS, washa configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW, ukaguzi wake wa staki iliyovuka mpaka, tangu mwanzo.

WayaMwekundu: Hiyo si kasoro ya FreeRTOS.

Tone_la_Risasi: Sijasema ni yake. Nasema kwenye baiti 2048 gharama hiyo inauma.

Mchwa_wa_Biti: Ndiyo maana mimi napenda protothread za Adam Dunkels, taski nyepesi zisizo na staki ya peke yake, zilezile zilizomo ndani ya mfumo wa Contiki. Kila moja inakula takriban baiti 2, na zote hutumia staki moja. Unaweza kuzichukua peke yake bila Contiki nzima. Ila vigeu vya ndani havidumu unaposubiri, lazima viwe static, yaani vyenye nafasi ya kudumu kwenye RAM. Contiki-NG, mrithi wa Contiki, siishauri hapa, imelenga zaidi chipu za biti 32.

Jua_Kali_C: RIOT je? Inaanzia karibu kilobaiti 1.5 za RAM, na haina mdundo wa taima wa kuiamsha chipu kila mara. Kwa betri hilo ni jambo kubwa.

Mzee_Rejista: Kilobaiti 1.5 kati ya 2. Programu yake itakaa wapi?

WayaMwekundu: Abadili chipu tu. STM32F103C8 ina kilobaiti 20, mjadala unaisha.

Jua_Kali_C: Ukifika huko jaribu Zephyr, mfumo endeshi mwingine, madereva ya sensa yamo tele.

Mchwa_wa_Biti: Mtu ana kitufe na sensa, mnampeleka Zephyr? Ajifunze devicetree, faili za kuielezea bodi, kwanza ndipo awashe taa?

Jua_Kali_C: Anajifunza mara moja, anatumia miaka.

Kijana_wa_Sakiti: Bodi bado naweza kuibadili, ila ningependa kubaki na AVR. Protothread zinanivutia. Swali: redio na flashi ya vipimo ziko kwenye SPI moja. Italeta shida?

Tone_la_Risasi: Hilo ulipaswa kulisema mwanzo! Redio ikiita wakati flashi inaandika, nani anasubiri? Tuwekee mchoro wa sakiti.