Bond wa zamani: gumzo la familia

Shangazi: Jana usiku tumeangalia Goldfinger ya James Bond, yule jasusi wa kwenye sinema, na watoto, jamani lile gari!! Hiyo sinema dairekta wake nani?

Ba'mdogo: Guy Hamilton dada. Mwingereza ila kazaliwa Paris 1922. Sinema za Bond kaongoza nne, ya kwanza hiyo ya 1964 ya mwisho The Man with the Golden Gun ya 1974

Binti: Ba'mdogo shikamoo. Kwani alishawahi kuwa jasusi?

Ba'mdogo: Marahaba mwanangu. Jasusi hapana ila aliwabeba. Vita vya pili alikuwa nevi ya Uingereza, boti zao zinavuka usiku kupeleka majasusi Ufaransa na kurudi na marubani waliodunguliwa, sasa kuna safari moja akabaki hukohuko Brittany na Wajerumani wamejaa, karibu mwezi mzima anajificha. Mtu kama huyo akikuonyesha hofu namwamini

Shangazi: Mmh lakini Goldfinger mbona raha tupu, hofu iko wapi?

Ba'mdogo: Hofu kaangalie Funeral in Berlin yake ya 1966, Michael Caine na miwani yake, pale ukuta wa Berlin upo kweli sio wa kuchora. Kwa Bond alitaka vingine, adui awe na nguvu ili Bond asionekane haguswi. Na yule mzee Q anayempa Bond mitambo, Hamilton ndo alimwambia mwigizaji usimchekee Bond, huyu kila ukimpa kitu anakivunja. Mpaka leo watu wanampenda Q kwa ule ukali

Binti: 😂 na namba za gari zinazogeuka je

Ba'mdogo: Wazo lake hilo! Faini za paking zilikuwa zinamchosha

Kaka Kigoma: Shikamooni wakubwa. Mmesahau kubwa kuliko yote kwetu, huyu Hamilton alikuwa msaidizi wa dairekta John Huston kwenye sinema ya The African Queen 1951, walishutia Congo na Uganda, na ile meli ya Wajerumani ya kwenye stori mfano wake ni Graf von Götzen, yaani Liemba yetu hii hii ya Ziwa Tanganyika

Shangazi: Marahaba. Liemba niliyopanda kwenda Kasanga??

Kaka Kigoma: Ndo hiyo shangazi

Shangazi: Basi Jumamosi tunaanza na hiyo, ya Berlin tutaangalia watoto wakishalala. Nani analo faili?

Ba'mdogo: Ninalo, nakuja na flashi