Visasili ndani ya riwaya za Kichina za sasa: wanafanyaje hadi tunaamini?

Mkarafuu
Wakuu, salaam. Swali langu linahusu riwaya ya Mo Yan ya mwaka 2006, *Shengsi Pilao*. Kabaila Ximen Nao anapigwa risasi katika mageuzi ya ardhi, halafu anazaliwa upya kama punda, maksai, nguruwe, mbwa, tumbili, na mwisho mtoto mwenye kichwa kikubwa. Kwa nini haisomeki kama ngano ya kulalia watoto? Na je, ni halali kuiita uhalisia mazingaombwe, yaani miujiza inayosimuliwa kama jambo la kawaida la kila siku, kama ule wa Amerika ya Kusini? Naomba ufundi wenyewe, maana nadharia tupu zimejaa kila mahali.

KalamuKavu
Mkuu, hesabu miujiza iliyobeba riwaya ile. Msingi ni mmoja tu: kuzaliwa upya. Mengi mengine yameegemea hapo, na hapo penyewe pana kanuni. Akhera katika simulizi za Kichina ni ofisi ya serikali. Yama, mfalme wa wafu, ana makarani, madaftari na watumishi wa kukupeleka na kukurudisha. Kwa hiyo mwandishi hahitaji kukifanya kisasili kiwe cha kidunia, kwani kilishakuwa hivyo tangu zamani.

Kuna kipuri kidogo ambacho wengi wanakipita. Kwa imani ile, roho hunyweshwa mchuzi wa kusahau kabla ya kurudi duniani. Ximen Nao anaukataa. Bila tendo hilo riwaya haipo, maana punda asingekumbuka kwamba mke anayemwona pale uani alikuwa wake. Yaani kumbukumbu ina sababu yake, haikuangushwa tu na mwandishi.

Baada ya hapo kila mnyama amepewa kipindi chake. Masimulizi yanaanza tarehe 1 Januari 1950. Punda anaishia mikononi mwa watu wenye njaa, katika miaka ile ya baa la njaa. Maksai anaangukia Mapinduzi ya Utamaduni, nguruwe miaka ya 1970 na kifo cha Mao, mbwa anahamia mjini wakati wa mageuzi ya uchumi, na mtoto anazaliwa mwaka 2000 unapoingia. Msomaji anayejua historia anajua hatari iliyo mbele, mnyama hajui.

Tazama na kipimo: Lan Lian, kibarua wa zamani wa kabaila, anakataa kuingia katika ushirika na kung'ang'ania shamba lake la mu 3.2, kama nusu ekari hivi. Maksai anapigwa na kuchomwa moto na Jinlong, ambaye kwa damu ni mwana wa Ximen Nao mwenyewe, kisha anajikokota hadi ndani ya kile kishamba na kufia pale. Ukiondoa ile mu 3.2, inabaki hekaya ya ng'ombe mwaminifu.

MpekuziWaMaana
Kuhusu jina. Tuzo ya Nobel ya 2012 ilimsifu Mo Yan kwa uhalisia wa kinjozi, njozi kama za mtu mwenye homa, unaounganisha ngano, historia na mambo ya leo. Baadhi ya vyombo vya habari vya China vikatafsiri "uhalisia mazingaombwe", na mkanganyiko ukaanzia hapo. Mo Yan mwenyewe miaka ya 1980 aliwafananisha waandishi Márquez wa Kolombia na Faulkner wa Marekani na tanuru mbili za moto: usizisogelee sana, utayeyuka.

Mwandishi mwingine wa China, Yan Lianke, kaenda mbali zaidi, kaunda istilahi yake, *shenshi zhuyi*, yaani uhalisia wa kiroho, na kuipanga kwa aina ya sababu za matukio. Riwaya ya uhalisia ina sababu kamili. Mwandishi Kafka ana sababu sifuri: mtu anaamka akiwa mdudu, basi. Márquez ana nusu sababu. Yan anadai sababu ya ndani. Katika *Zhalie Zhi* ya 2013, kijiji kinachogeuka jiji kubwa, mimea inachanua kwa kuonyeshwa waraka wa serikali. Kwa maumbile ni upuuzi. Lakini pale kila mtu anaishi kana kwamba karatasi yenye mhuri inaweza chochote, na riwaya inaipa karatasi uwezo ambao watu walishaipa. Tena kaiandika kwa umbo la *difangzhi*, kumbukumbu rasmi za mahali. Lugha kavu ya kiofisi ndiyo inayobeba maua yale.

Chokaa
Kwa anayetaka kuijaribu mbinu hii, inaharibikia wapi?

Kosa kubwa ni mhusika kushangaa. Akishangaa, msomaji anaanza kudai maelezo, na ukimpa maelezo umeua. Yu Hua katika riwaya yake ya 2013, *Di Qi Tian*, anaanza na marehemu anayepigiwa simu kwamba amechelewa kuchomwa kwenye tanuru la maiti. Anakwenda, anapewa namba ya foleni. Wakubwa wako kwenye sofa, yeye na wenzake kwenye viti vya plastiki, na mazungumzo ni bei za makaburi na vyombo vya majivu. Hakuna anayeuliza kwa nini maiti wanaongea. Yeye hana kaburi wala chombo, kwa hiyo anaondoka.

Kosa jingine ni kumsahau mnyama. Mkimpa nguruwe akili ya mtu, mpeni pia pua, njaa na ubishi wa nguruwe. Na muujiza usimwokoe mtu bure. Ukitatua tatizo bila gharama, ni bahati nasibu hiyo.

Jaribio langu: futa muujiza kwenye rasimu. Dhuluma ikibaki vilevile lakini haionekani vizuri, muujiza ulikuwa unafanya kazi. Isipobadilika kitu, ulikuwa pambo.

Mkarafuu
Asanteni sana. Nianzie wapi kabla ya hizi ndefu?

KalamuKavu
Anza na mwandishi wa kale Pu Songling, 1640–1715, wa Shandong, jimbo hilohilo la Mo Yan. Tafuta kisa chake cha nyenje. Ni kifupi, kurasa chache tu. Enzi ya Xuande, 1426–1435, ikulu inapenda kupiganisha nyenje, na nyenje anakuwa kodi. Mwenye kaya anachapwa kwa kushindwa kuleta. Mwanawe wa miaka 9 anamuua kwa bahati mbaya yule waliyempata, anajitupa kisimani, anaopolewa akiwa taabani. Nyumbani anatokea nyenje mdogo asiyeshindwa. Soma ukihesabu ni sentensi ngapi zinahusu kodi na ngapi zinahusu roho ya mtoto.